Madirisha ya Shangazi

Methali ya kitanda na kunguni hupendwa sana na watu waliochoka kupangiwa mambo na wengine. Kitanda kikitazamwa kutoka mlangoni huwa kizuri: shuka limetandikwa, mto umekaa mahali pake, mbao zinang'aa. Mgeni anaweza kukisifu, akakipima urefu na upana, hata akamshauri mwenyewe namna ya kukilalia. Mwenye mgongo uliovimba anajua habari nyingine, na habari hiyo haipatikani mlangoni. Hadithi hii ni ya mtu mmoja aliyepima kitanda cha wenzake kwa hesabu safi, asikosee hata tarakimu moja, na bado akakosea.

Mtu huyo alikuwa mtunza hifadhidata wa benki ya damu. Kazini walimwita Kipimo kwa sababu hakuwahi kusema "kidogo" wala "nyingi." Ukimwuliza kama mvua ilinyesha kwao, alikujibu kwa milimita. Ukimwuliza kama mkewe hajambo, alifikiri kwanza. Aliyempa jina hilo alikusudia kumcheka, lakini mwenyewe alilipenda, akalivaa kama koti jipya.

Benki ya damu ilikuwa jengo la ghorofa mbili. Chini palikuwa na kaunta ndefu ya makarani, na nyuma yake ghala la baridi lenye majokofu marefu yanayonguruma mchana kutwa. Damu yenyewe ilikaa humo katika mifuko ya plastiki, ingawa kila mtu aliiita mifuko hiyo chupa, kwa kuwa zamani zilikuwa chupa kweli na ulimi haupendi kuhama. Hospitali zilipiga simu, makarani wakajaza fomu kwenye kompyuta, hifadhidata ikaonyesha chupa ipi iko jokofu gani, ya kundi gani, itaharibika lini. Juu, kwenye chumba chenye zulia na kiyoyozi, alikaa Kipimo peke yake na hesabu zake. Kati ya juu na chini palikuwa na ngazi ishirini na mbili. Kipimo aliijua idadi yake, ila alizipanda asubuhi na kuzishuka jioni tu.

Mwaka huo ilinunuliwa seva mpya, iwe ya hifadhidata peke yake. Ilikuja na kumbukumbu ya gigabaiti sitini na nne, na kwa siku tano Kipimo hakuwaza jambo jingine ila namna ya kuigawa.

Kumbukumbu ya seva ni kama meza ya kazi. Kabati la mafaili linaweza kuwa kubwa kama nyumba, lakini kila faili likitafutwa kabatini kazi itazorota. Yanayotumika mara kwa mara huwekwa mezani. Hifadhidata ikipewa meza pana, majibu hutoka upesi. Shida ni kwamba meza hiyo ina wadai wengine. Mashine yenyewe inataka sehemu yake ili ipumue. Na kila karani anapofungua dirisha la programu kwenye skrini yake, dirisha hilo hudai kipande chake, megabaiti mia moja hivi, na hukishikilia mpaka lifungwe.

Kipimo alihesabu kompyuta zote, za kaunta, za maabara na za matawini. Zilikuwa arobaini. Watu arobaini, madirisha arobaini, gigabaiti nne. Mashine akaipa mbili. Hamsini na nane zilizobaki akaziandika kwa hifadhidata, akaegemea kiti na kuitazama karatasi kwa furaha ya mtu aliyekata kitambaa bila kubakiza kipande. Kila gigabaiti iliyokaa nje ya hifadhidata aliiona kama shamba zuri lililoachwa bila kulimwa.

Kwenye kikao alieleza mgawo wake kwa dakika kumi na mbili. Mkurugenzi, mwanamke mkavu wa maneno ambaye alikuwa daktari kabla ya kuwa bosi, alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Na watu wa chini umewauliza?" aliuliza.

"Nimehesabu kompyuta zao."

Mwisho wa meza alikaa karani mkuu wa kaunta. Huyu alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na karibu kila karani wa benki ile, wa pale na wa matawini, alikuwa amepitia mikononi mwake. Wote walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mnene kiasi, mwenye sauti ya kuvuma, na miwani aliyoifunga kamba shingoni ili isimpotee.

"Mwanangu," alisema, "kabla hujaifunga hiyo hesabu, njoo ukae na sisi pale chini. Asubuhi moja tu. Kuna mambo hayakai kwenye karatasi."

Kipimo alitabasamu kwa adabu. "Shangazi, kumbukumbu ya seva haionekani ukiwa kaunta. Iko ndani ya mashine."

"Sawa baba. Mimi nimesema tu."

Watu wawili watatu walicheka. Kipimo alidhani wanamcheka Shangazi, na mgawo ukapita.

Wiki tatu za kwanza alitembea kifua mbele. Jibu lililokuwa likichukua sekunde sita sasa lilitoka kabla karani hajaondoa kidole kwenye kibodi. Makarani walimshukuru wakikutana naye mlangoni, naye akawajibu kwa asilimia. Uvumi ukaenea kwamba mwisho wa mwezi atapewa usimamizi wa seva za matawi yote. Kipimo hakuuthibitisha uvumi huo, wala hakuukanusha.

Kile ambacho hakukiona ni kwamba meza haijai siku moja. Hifadhidata haichukui gigabaiti zake zote ikiwashwa. Huzichukua polepole, faili kwa faili, kadiri watu wanavyouliza. Kwa wiki tatu nafasi ilikuwepo kwa sababu tu mwenye nafasi alikuwa bado hajafika kuikalia.

Alifika Jumanne moja asubuhi. Siku hiyo ukuta wa jengo lililokuwa likijengwa upande wa pili wa mji uliwaangukia mafundi, na hospitali tatu zikapiga simu kwa pamoja. Simu za kaunta zililia zote. Makarani walifungua walichozoea kufungua. Saa nne na dakika saba, skrini zote arobaini zikasimama.

Mashine ina sheria yake ya kikatili, na ni vizuri msomaji aijue. Ikikosa pa kupumua, humtafuta ndani yake aliyekula kuliko wote, ikamuua ili wengine waishi. Aliyekula kuliko wote alikuwa hifadhidata. Kipimo aliiwasha, ikaanza kusoma upya kabati lake zima, makarani wakaingia wote kwa mkupuo, ikauawa tena. Mara ya tatu ndipo ilipokaa. Zilikuwa zimepita dakika arobaini na saba.

Katika dakika hizo Shangazi hakupanda ngazi kwenda kulalamika. Alivuta droo, akatoa daftari la mistari alilokuwa akiandikia idadi ya chupa kila asubuhi, kwa mkono, kwa mtindo wa zamani ambao vijana wake walikuwa wakimtania. Alisimama katikati ya kaunta, miwani puani, akipokea simu moja na kuwatuma wenzake ghalani kwa majina ya majokofu. Chupa thelathini na moja zilitoka kwa daftari lile. Chumba kimoja cha upasuaji kilisubiri dakika kumi na tisa, daktari akiwa ameinua mikono yenye glavu, mgonjwa akiwa ameshafunguliwa tumbo. Mgonjwa alipona. Siku ile watu walisema Mungu ni mkubwa, na kesho yake wakaanza kutafuta mwenye kosa.

Kumpata haikuwa kazi. Kipimo alifungua rekodi za matukio ya seva za asubuhi ile, akaona idadi ya madirisha yaliyokuwa wazi saa nne na dakika sita: mia moja na kumi na saba. Alihesabu mara mbili. Kompyuta arobaini, madirisha mia moja na kumi na saba. Na kulikuwa na kanuni ya matumizi, imeandikwa, imebandikwa ukutani pale kaunta kwa gundi: kila mtumiaji, dirisha moja.

Alimwuliza karani wa kwanza aliyekutana naye kwa nini anafungua matatu. Karani alishangaa kuulizwa. "Ndivyo Shangazi alivyotufundisha," alisema.

Mkurugenzi alimwita ofisini mchana ule. Alikuwa amepigiwa simu na wakubwa zake, na ilionekana hakupigiwa kwa upole.

"Nataka taarifa Ijumaa," alisema. "Nini kilitokea, nani alikisababisha. Wakubwa wanataka mtu. Ukiniambia ni kaunta, barua ya kumwachisha yule mama kazi iko hapa, nitaijaza tarehe tu."

"Kanuni ilivunjwa," alisema Kipimo. "Hilo namba zinaonyesha."

"Basi andika namba zinavyoonyesha. Lakini ujue unaandika nini. Ana mume aliyepooza nyumbani, na huu ni mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Akifukuzwa leo anaondoka mikono mitupu."

Kipimo alirudi kwenye zulia lake akaandika. Kazi ilikuwa rahisi, na urahisi huo ulimsumbua kidogo, ingawa hakujua kwa nini. Aliandika kwamba makarani walizoea kufungua madirisha mengi wakati wa seva ya zamani iliyokuwa nzito, wakitumia lolote litakaloitika kwanza, na kwamba mazoea hayo mabaya yalifundishwa na karani mkuu kinyume cha kanuni. Mgawo wa kumbukumbu, aliandika, ulikuwa sahihi kwa watumiaji arobaini. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, au yeye aliamini hivyo.

Nyumbani mkewe alikuwa fundi cherehani. Sebule yao ilikuwa nusu sebule nusu karakana: vitambaa juu ya kochi, pini kwenye zulia, na kanga ya mtoto wao ikiwa imeanikwa juu ya mashine. Jioni ile palikuwa na mteja, mwalimu mmoja mrefu, aliyeleta suruali iliyochanika nyuma. Alikuwa ameishonesha kwa fundi mwingine.

"Alinipima vizuri kabisa," alisema mwalimu. "Kwa tepu. Nikiwa nimesimama wima kama mlingoti."

"Ndiyo maana," alisema mke wa Kipimo. "Wewe unafundisha umesimama wima? Kaa hapo kwenye stuli. Inama kama unaokota chaki." Mwalimu akainama, naye akampima hivyo hivyo, pini mdomoni. "Kitambaa kilimtosha mtu aliyesimama. Hakikumtosha anayefanya kazi."

Kipimo alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, taarifa mapajani. Alisikia maneno yale akakasirika, kama mtu anavyokasirika akisutwa na asiyejua kwamba anamsuta. Mteja alipoondoka, alimsomea mkewe taarifa yote, ya kurasa tatu. Mke alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Huyo mama ulimwuliza mwenyewe kwa nini?"

"Sababu inajulikana. Mazoea."

"Inajulikana na nani?"

Kipimo alizipanga upya kurasa zake tatu.

"Mume wangu, hata mimi nikimwona mtu amevaa sweta jua kali, namwuliza kwanza kama ana homa, halafu ndiyo namcheka." Akavuta kitambaa kingine. "Nipishe hapo mwangani."

Alhamisi asubuhi, saa mbili kasoro, Kipimo alishuka ngazi ishirini na mbili akiwa na kalamu na daftari dogo. Shangazi alikuwa akifuta kibodi yake kwa kitambaa chenye spiriti.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimekuja kukaa. Ile asubuhi moja."

Shangazi alimtazama juu ya miwani. Alijua kuhusu barua. Jengo la ghorofa mbili halina siri. Kama alikuwa na hasira hakuionyesha, na kama alikuwa na hofu, aliificha ndani ya kitambaa kile cha kufutia. "Kiti changu hicho," alisema. "Kaa. Mimi nitasimama nyuma yako. Ukikaa kuangalia tu, utaona mgongo wa mtu. Fanya kazi yenyewe."

Kipimo aliingia kwa jina lake mwenyewe, akafungua dirisha moja, akaandika kwenye daftari lake: Moja. Alikusudia kuonyesha kwamba inawezekana.

Dakika ishirini za kwanza iliwezekana vizuri sana. Simu ya kwanza ilitoka zahanati ndogo. Alijaza fomu, akatuma, chupa mbili zikatoka. Ya pili pia. Akageuka kumtazama Shangazi, naye Shangazi akatazama saa.

Simu ya tatu ilikuwa ya muuguzi wa wodi ya watoto, mwenye sauti ya upole na haraka za kobe. Fomu ya kuomba damu ilikuwa na visanduku ishirini na sita. Kipimo aliijua vizuri kwa kuwa kila kisanduku kilikuwa na nafasi yake kwenye majedwali yake. Muuguzi alikuwa amefika kisanduku cha kumi na tisa aliposema, "Subiri kidogo kaka, nikaangalie kwenye faili la mgonjwa," akaweka simu chini, nyayo zake zikasikika zikienda mbali.

Hapo simu nyekundu ikalia.

Simu nyekundu ilikuwa ya dharura, na kanuni yake nayo ilibandikwa ukutani: ipokelewe kabla ya mlio wa tatu. Kipimo aliipokea. Sauti ya mwanamume ilisema bila salamu kwamba kuna mama amejifungua na damu haikatiki, wanataka chupa nne za O hasi, gari liko njiani.

Kipimo alitazama skrini. Fomu ya mtoto ilikuwa imejazwa visanduku kumi na tisa. Ili aandike ya mama alipaswa kuiacha. Akiiacha, ingefutika yote, maana programu haikuhifadhi fomu isiyokamilika. Muuguzi yule wa haraka za kobe angelazimika kuanza mwanzo, na mtoto angesubiri. Akiikamilisha kwanza, mama angesubiri, na damu yake ilikuwa ikimwagika wakati huohuo.

Mkono wake ulifanya jambo kabla kichwa hakijatoa ruhusa. Ulifungua dirisha la pili.

Akajaza fomu ya mama. Kisanduku cha nane kiliuliza namba ya jokofu, na namba hiyo hupatikana kwenye ukurasa wa ghala, na kwenda ukurasa wa ghala ni kuiacha fomu. Kipimo alifungua dirisha la tatu. Akaona chupa nne, jokofu la sita, rafu ya juu. Akanakili, akatuma. Kwenye simu ya kwanza nyayo za muuguzi zilirudi. "Haya kaka, tuendelee." Wakaendelea kutoka kisanduku cha ishirini.

Alipoweka simu zote chini, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, maana chini hapakuwa na kiyoyozi. Aliona aibu, aibu ya wazi, iliyompanda hadi masikioni. Madirisha matatu yalikuwa yamejipanga chini ya skrini yake kama mashahidi.

"Kwa nini fomu haihifadhiwi nusu?" aliuliza taratibu. "Ingehifadhiwa, msingehitaji haya."

Shangazi alifungua droo ileile ya daftari, akatoa bahasha ya plastiki, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa barua ya miaka miwili iliyopita. Karani mkuu aliomba fomu ziruhusiwe kuhifadhiwa kabla ya kukamilika. Jibu lilikuwa la mistari miwili: ombi haliwezekani, kwa kuwa rekodi pungufu zitachafua hifadhidata. Chini palikuwa na sahihi ndogo, iliyonyooka, iliyopimwa. Kipimo hakuhitaji kuisoma mara ya pili.

"Sikukumbuka," alisema.

"Huna kosa kutokumbuka. Wewe uliandika mara moja. Mimi nimelifanyia kazi jibu lako kila siku kwa miaka miwili." Alichukua karatasi yake akairudisha kwenye bahasha. "Nikawafundisha watoto namna ya kuishi nalo. Dirisha la anayesubiri, dirisha la anayekufa, dirisha la ghala. Matatu. Hakuna anayefungua la nne, maana kompyuta zenyewe zinalemewa."

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Nilikuambia uje ukae. Ningesema kwa mdomo ungenihesabia dakika."

Simu nyekundu ililia tena. Kipimo aliipokea kabla ya mlio wa pili, akaendelea kukaa pale mpaka saa nane. Hakula.

Alasiri alipanda juu. Chumba chake kilikuwa kimya na baridi, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi kilivyo mbali. Alichana kurasa tatu, akaanza upya hesabu ya gigabaiti sitini na nne. Safari hii alianza na kaunta. Watu arobaini, madirisha matatu kwa kila mmoja siku ukuta unapoanguka: mia moja na ishirini, gigabaiti kumi na mbili. Mashine, ipumue kweli, na kazi ya kunakili rekodi za akiba ambayo aliisahau kabisa: nane. Zilizobaki, arobaini na nne, ndizo za hifadhidata. Alijua majibu yatachelewa kidogo, pengine sekunde moja. Aliijaribu sekunde hiyo kichwani, akailinganisha na dakika arobaini na saba.

Kikao cha Ijumaa kilikuwa kifupi. Mkurugenzi alikuwa na barua mbele yake, haina tarehe. Shangazi alikaa mahali pake mwisho wa meza, mikono juu ya mkoba, amevaa vizuri kuliko siku zote, kama mtu anayekwenda kuaga.

"Nani alisababisha?" aliuliza Mkurugenzi.

"Seva ilikufa kwa sababu hifadhidata ilipewa gigabaiti hamsini na nane," alisema Kipimo. "Madirisha yalikuwa mia moja na kumi na saba, mimi niliyahesabu arobaini. Yalikuwa mengi kwa sababu fomu haihifadhiwi nusu. Fomu haihifadhiwi nusu kwa sababu ya jibu langu la miaka miwili iliyopita. Liko kwenye droo ya kaunta. Jana nilikaa kwenye kiti cha kaunta kwa muda wa saa sita. Kanuni ya dirisha moja niliivunja dakika ya ishirini na tatu."

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi alizungusha kalamu yake mara mbili.

"Unajua nafasi ya matawi nilikuwa nataka kumpa nani."

"Najua."

"Sitampa tena."

"Najua," alisema Kipimo, na ilimuuma, akaacha imuume.

Mkurugenzi aliichukua barua isiyo na tarehe akaichana vipande vinne, akavikusanya vizuri ili visianguke sakafuni. Kisha akaandika maagizo yake: mgawo mpya uanze Jumatatu, fomu zihifadhiwe hata zikiwa pungufu, onyo liwekwe kwenye jalada la mtunza hifadhidata, na mtunza hifadhidata huyo akae kaunta asubuhi moja ya kila mwezi, akifanya kazi yenyewe. Shangazi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Siku ile alirudi kwa mumewe akiwa bado ana kazi, na mwaka ulipoisha alistaafu kwa heshima zake zote, akakabidhi kiti, kitambaa cha spiriti na lile daftari la mistari.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, Kipimo alishuka tena ngazi ishirini na mbili. Asubuhi ile simu zilikuwa nyingi, na fomu za kuhifadhiwa nusu zilikuwa bado zinatengenezwa. Shangazi alipita nyuma yake na chupa mbili mkononi, akasimama kutazama skrini.

"Mangapi hayo?"

Kipimo alihesabu. Aliona haya. "Manne."

"Manne," alisema Shangazi. "Mimi kwa miaka yote hiyo sijawahi kuzidisha matatu, na barua ya kuniachisha kazi ilikuwa tayari imepigwa chapa." Akamgonga begani kidogo, akaenda zake ghalani.

Kipimo alicheka peke yake, akafunga moja. Halafu akatoa daftari lake dogo, na pale alipozoea kuandika namba, akaandika maneno, kwa herufi zake zilezile zilizonyooka: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.